Tarehe Niliyoifuta Kwenye Jiwe

Mjukuu wangu mkaidi,

Mimi mzima, ni magoti tu yananisumbua. Bati la jikoni limezibwa, halivuji tena.

Jiwe uliloagiza limefika. Mchongaji alilibwaga mlangoni kama gunia la mkaa. Nikamuuliza maneno ya juu ni lugha gani.

"Kilatini, bibi. In memoriam, yaani kwa kumkumbuka. Huandikwa hata pasipo na mwili."

Tangu hapo situlii. Nafagia palipokwisha kufagiliwa, nakaa, nainuka. Baba yako aliingia mgodini, kuta zikaporomoka, wenzake wakatoka, yeye hakuonekana. Ni mwaka wa tisa. Wewe huko mbali umeamua amekufa, hukuniuliza mimi niliyemzaa.

Palepale nilimwambia mchongaji alirudishe jiwe lake.

"Bibi, usinifokee mimi. Hayo maneno hayasemi amekufa. Kinachosema ni tarehe."

Na tarehe umeiandika wewe. Kumkumbuka sikatai, ndiyo kazi yangu kutwa. Basi nimemsimamia mchongaji akaisaga tarehe ya pili mpaka pakabaki kibonde, ile ya kuzaliwa nikaiacha. Jiwe limeegemea ukuta wa uani.

Usinione mjinga. Miaka tisa najua kuihesabu. Ila jambo hilo sitaambiwa na jiwe. Panda gari uje, keti mbele yangu, ulitamke kwa mdomo wako. Ukiweza kulimaliza, mchongaji nitamwita mwenyewe.

Ni mimi,
Mama yake baba yako