Daftari la Sentensi za Kweli

Ustaz,

Jana mke wako alinipiga makofi mawili, na yote mawili nilistahili. Ndiyo maana nakuandikia. Amesema niliyomweleza si yake kuyasamehe, niyalete kwako mwenyewe.

Kwanza habari za nyumbani, maana nikianza na lile lingine moja kwa moja nitaitupa kalamu. Mama Chuol yuko kambini kwa walinda amani tangu Desemba ile, na huu ni mwaka wa pili. Wanalala chini ya turubai, na mvua ikinyesha maji yanafika magotini. Chuol ameota meno mapya ya mbele na amerithi kiburi chako cha kusahihisha watu wazima. Mimi bado nafua mashuka ya hoteli kule Thongpiny. Kazi ya mapokezi niliyokuwa naitafuta kwa Kiingereza chako walimpa mtu mwingine. Nilisikia nafuu, maana tangu ufe, nikisikia Kiingereza karibu yangu naondoka.

Kila Jumapili nikienda kumwona, mke wako huniuliza swali moja. Nani aliwaonyesha nyumba? Mlikuwa mmehamia Lemon Gaba juzi juzi tu, nyumba hazina namba, njia zenyewe ni za mbuzi. Sisi wanafunzi tisa tu ndio tuliokuwa tumefika. Nani, Nekesa? Na mimi kila Jumapili nilimjibu sijui, nikamwachia sabuni na sukari, nikaondoka mbio kama mwizi.

Nilijua, Ustaz. Nimejua tangu dakika ile.

Wewe na sentensi zako za kweli! Darasa lenyewe chumba cha mabati nyuma ya kanisa pale Atlabara, bendera za uhuru bado mpya, nchi nzima imeambiwa mambo ya ofisi sasa ni kwa Kiingereza. Wazee waliosoma Kiarabu wamebanana kwenye madawati na ndevu zao, na mimi Mkenya niliyeacha shule darasa la tano Bungoma nimejibanza katikati yao. Ukatuambia kwa Kiswahili chako ulichokulia nacho kambi ya wakimbizi Kenya, "Hapa sitaki John wala Mary. Andika mtu unayemjua na mahali unapopajua. Ukinidanganya nakurudishia daftari."

Ulipenda sentensi za namna mbili. Ya kwanza inaanza na hali, ngumu, rahisi, hatari, halafu kitendo kinafuata. Koplo, yule askari wa darasa letu, aliandika "It is hard to sleep here", kwamba ni vigumu kulala hapa, na tulicheka hadi machozi kwa sababu ndiyo kwanza ameamshwa. Ya pili ilikuwa na neno la kuuliza, wapi, nani, lini, ila unalitia katikati ya sentensi na linaacha kuuliza. Linakuwa jambo unalolijua. "I know where he lives", najua anakokaa. Uliusoma mstari huo ukiugonga ubao kwa ngumi, vumbi la chaki likakurudia usoni.

Na mtihani wako nao! Kila mmoja aliandika njia ya kufika kwako, kama ulivyotuelekeza, kwa sentensi hizo hizo mbili, kisha tukabadilishana madaftari. Atakayefika kwa kusoma tu, bila kuuliza mtu, amefaulu, na Mama Chuol anamtilia chai. Sisi tisa tulifika. Koplo alipotelea kwenye kisima cha pampu, akarudi kwenye kambi yao ya jeshi na hasira zake. Alikuwa amekua msituni na bunduki, kusoma alianza kwako akiwa na miaka arobaini. Ulimvumilia kuliko sote. Ukaweka sheria kwa ajili yake, kwamba mwenzako akikwama kwenye neno usimwache aone haya, mtajie papo hapo. Tukazoea, kidole chake kikisimama tu, darasa zima linalitamka.

Sasa nakuambia.

Siku ya pili ya mapigano ya Desemba ile, asubuhi, wanaume sita wenye sare waliingia uani kwetu. Chumba cha mwanzo alikaa mzee wa kuuza mkaa, mwenye mistari sita ya chanjo kwenye paji la uso kama yako, alama ya kabila lenu. Walimsalimu kwa lugha yao wasikie atajibu nini. Alijibu kwa Kiarabu, kwa adabu, na mkono kifuani. Wakampiga risasi mdomoni. Alianguka juu ya magunia yake na mmoja wao akamvua saa kabla mguu wake haujaacha kutikisika.

Chumba cha pili ni changu. Koplo ndiye aliyeingia mbele. Hakuonyesha kwamba ananijua, kisha akaonyesha. "Dada, mimi iko natafuta Ustaz. Uo geni wen? Yeye nakaa wapi?" Nilimwambia sijui. Alinipiga kitako cha bunduki hapa kwenye taya, meno mawili yakatoka. Nikamwambia sijui. Mwenzake akanikanyaga mkono, akaniwekea mtutu sikioni, akaanza kuhesabu. Nikasema mafi, hakuna, sijui, niueni. Hilo nalo ulijue, Ustaz. Nilikataa mara tatu na nilikuwa tayari kufa, naapa kwa Mungu.

Walipoanza kupekua ndipo Koplo alipoliona daftari kwenye dirisha. Alilifungua kwenye ukurasa wa mtihani, ule wenye alama yako ya vema ya wino mwekundu. Akaweka kidole. Alisoma polepole, kwa sauti, na wenzake wakanyamaza kumsikiliza. Kwamba nyumba ya Ustaz ni rahisi kuipata. Kwamba ukifika kwenye kisima cha pampu, najua wapi pa kukata kona. Kwamba nyumba iko, akakwama. Kidole kikasimama. Lilikuwa lile neno lililokuwa likimshinda siku zote.

"Behind," nikasema.

Mimi. Nimelala sakafuni, damu mdomoni, meno yangu mbele ya macho yangu. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyenipiga ili niseme. Kidole kilisimama na mdomo wangu ukajibu. Nyuma ya duka la buluu. Koplo alinitazama, akasema "Shukran, dada", akamaliza ukurasa wote bila kukwama tena. Wakaondoka na daftari.

Simu zilikuwa hazishiki. Ningeweza kukimbia? Barabarani walikuwa wanapiga kila kinachotembea, lakini miguu nilikuwa nayo. Sikuitumia. Nilijificha chini ya kitanda changu nikajikojolea, nikasikiliza bunduki za upande wa kwenu na kujaribu kujua ipi ni yako.

Nilikuja siku ya tatu. Mama Chuol na mtoto walikuwa wamenusurika kwa sababu walikwenda kwa dada yake tangu Jumamosi. Wewe ulikuwa mlangoni, mdogo wako hatua mbili nyuma, tukul, kile kibanda chenu cha jikoni, majivu matupu. Walikufunga mikono kwa waya. Walikupiga risasi nyingi, hata aliyetaka tu kukuua asingezihitaji zote. Mbwa alikuwa amefika kabla yangu. Nilimrushia mawe hadi nikampasua, na niliendelea kumrushia hata alipokuwa amelala. Nikakufunika kwa shuka la hoteli. Lori lilipita likiokota, wakawarusha nyote wawili juu ya wengine, na hadi leo hakuna anayejua mlifukiwa shimo lipi. Kwa hiyo barua hii sina pa kuipeleka.

Koplo sasa ni sajenti. Anakaa kwenye kizuizi cha barabara karibu na hoteli, na kila asubuhi nikipita ananisimamisha. "I am happy to see you," ananiambia, kwamba anafurahi kuniona, na sentensi yake haina kosa. Mimi namjibu asante. Nimemjibu asante kwa mwaka mzima, Ustaz, na kila mara najichukia hadi jioni.

Jana Chuol alikuwa ameegemea goti langu, ananionyesha meno yake. Mama Chuol akaniuliza tena, na nikashindwa kusema sijui mbele ya mtoto huyo. Nikamtoa nje akacheze, nikamwambia mama yake yote. Hakulia. Alinipiga la kwanza, akapumua, akanipiga la pili. Kisha akasema, "Daftari alikuandikisha yeye. Hilo neno ni lako. Mwombe yeye. Mimi nataka kitu kimoja tu." Ijumaa wanakuja kambini watu wanaoandika ushahidi wa Desemba ile. Yeye hakuona, hana la kuwaambia. Nimebaki mimi.

Wenzangu wa chumbani wananiambia nipande basi nirudi Kenya, kwamba habari za kambini hutoka nje kabla ya jua kuzama, na Koplo chumba changu anakijua. Ni kweli. Naogopa, utaona kwenye mwandiko.

Nisamehe, Ustaz, ikiwa huko uliko mtu anaweza kusamehe. Kama huwezi, nitaelewa. Chuol nitamlea na mama yake nikiwa hai, hilo nakuahidi bila sharti. Na Ijumaa nitaketi mbele ya watu wale. Nitaanza na jina langu na neno nililolisema. Ndipo nitaje la Koplo.

Kwaheri, mwalimu wangu.

Nekesa