Mama Alivyokaa Wima Mbele ya Mgeni

Kanazi,
Ngara, Kagera.
4 Mei 2025.

Mpendwa Shangazi Felisita,

Shikamoo shangazi. Unaendeleaje na joto la Lindi? Na kile kifua chako kimetulia? Huku mvua zinaaga. Ukungu unalala bondeni hadi saa tatu asubuhi, migomba inaonekana vichwa tu. Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi. Usishangae kupata barua, maana simu yetu niliitumbukiza kwenye sufuria ya maharage nikisinzia. Cheka tu, hata mama alicheka.

Shangazi, siku hizi naota nikiwa macho. Wiki iliyopita, katikati ya hesabu, nilimwona mama akishuka kutoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani. Anatembea vizuri kabisa, ananiita. Nikainuka nimpokee. Kumbe nimesimama darasani, mikono juu, natabasamu peke yangu! Wenzangu walicheka mpaka machozi.

Unajua tangu kiharusi kimpate mama mwaka jana, upande wake wa kulia haufanyi kazi. Lakini mengine sikukuambia. Kila asubuhi namwogesha, namgeuza, namnywesha uji, namtoa juani, ndipo nashika njia ya shule. Nafika kipindi cha tatu. Getini napewa fyekeo nifyeke majani, kama mtoro. Nilikuwa nimeshaamua kuacha shule, na hiki kidato cha tatu nakipenda jamani. Nilinyamaza kwa sababu nilijua utalia.

Siku ile ya ndoto Mwalimu Gaspari hakunicheka. Aliniita pembeni, nikamweleza yote. Akasema wanaandikwa wanafunzi wanaotunza wagonjwa nyumbani, ili waruhusiwe kuchelewa bila adhabu, na mhudumu wa afya wa kijiji awe anapita asubuhi kuwasaidia. Akasema hiyo si hisani, ni haki yangu. Neno hilo nilitembea nalo hadi nyumbani, nikasahau hata kuchota maji.

Basi Ijumaa akaja dada Secilia wa ustawi wa jamii, kuhakiki kabla hawajaniandika. Weee, shangazi! Mama kusikia mgeni anakuja, aliniamrisha nifagie uwanja, nimvalishe kitenge cha sherehe, nimpange mito mitatu mgongoni na mkono niufunike kwa khanga. Si unatujua, kwetu mgeni haonyeshwi ugonjwa. Dada Secilia akauliza hapa nani anamtunza nani. Mama akajibu kwa sauti yake ya kwaya, "Mimi mzima, mwanangu. Huyu ndiye namtunza." Na mimi mpumbavu nikaitikia kwa kichwa! Akaandika hivyo hivyo, tukamfungashia maparachichi, akaenda zake.

Alipotoweka tu njiani, mama aliporomoka na mito yake. Nikamlaza, nikaenda nyuma ya nyumba kulia. Nilimkasirikia sana, na nikajikasirikia mwenyewe zaidi. Pale pale kwenye majani makavu ya migomba usingizi ukanichukua, nikaota nafanya mtihani na karatasi yangu haina jina.

Orodha ya hao wanafunzi inafungwa mwisho wa mwezi huu. Nisipoandikwa, shule ndiyo basi. Nakuomba umwandikie mama, maana anakusikiliza wewe tu, wifi yake. Ukimtania kidogo atalainika.

Nilipofika hapo mama akaniuliza naandika nini muda wote huo. Nikamsomea yote, hata pale pa mito. Tulikaa hivyo tukiangalia kivuli cha migomba kikisogea mpaka kikafika mkekani. Kisha akasema nimalize salamu zangu, nimwachie kalamu na nafasi chini.

Nisalimie Matiasi na Suzan, waambie kahawa imeanza kuiva. Mama mdogo Yuster anakusalimu sana, na jirani yetu mzee Mihayo anauliza utakuja lini. Mungu akulinde huko mbali, akupe pumzi nzuri na usingizi wa kutosha, hata wa kunigawia.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye sana,
Irine.

Wifi, naandika kwa mkono wa kushoto, nivumilie. Mtoto anasema kweli. Naumwa. Yeye ndiye ananiogesha. Kesho namtuma akamwambie Secilia arudi. Nitampokea nimelala.
Bernadetha.