Jina la Kwenye Cheti Changu

Wanangu,

Maharage yako jikoni, yapasheni moto tu. Babu apewe dawa saa saba, akishakula, si kabla. Mimi nimekwenda kwa wakili kula kiapo kwamba mimi ndiye mimi.

Msicheke. Asubuhi nikipanga karatasi za viza, nilikisoma cheti changu cha kuzaliwa kwa mara ya kwanza maishani. Pasi na kitambulisho vina jina langu mnalolijua. Cheti kina jina la mwanamke nisiyemfahamu. Mahojiano ni keshokutwa, na dada yenu huko ughaibuni anajifungua mwezi huu.

Nikampigia shangazi yangu. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe marehemu bibi yenu alimtuma babu akaniandikishe jina walilokubaliana, yeye akaandikisha la mkunga aliyetuokoa mimi na mama yangu. Akarudi nyumbani, akanyamaza kama maji mtungini. Miaka hamsini na mbili.

Ndiyo maana babu huniita Mkunga, mimi fundi cherehani. Siku zote nilidhani ananitania.

~~Msimwulize chochote mpaka nirudi.~~ Mwulizeni, lakini taratibu, akishakunywa dawa. Huyo mkunga alikuwa mtu gani, alikuwa na watoto, alicheka vipi. Andikeni nyuma ya karatasi hii.

Wakili atanisaidia kuapa kwamba majina yote mawili ni yangu. Hili la pili ningependa kwanza kujua nimelibebea nani.

Mama yenu, Mkunga