Seva Ianguke Mara Moja Tu

Kapsoya, Eldoret
3 Machi 2025

Baba mpendwa,

Nawasalimu kutoka huku kwenye baridi. Magoti yanaendeleaje? Na Mama, presha imeshuka? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haiko sawa.

Baba, nimesimamishwa kazi. Unajua kampuni yetu inaangalia seva ya hospitali moja hapa mjini, ile inayopiga kengele wodini mgonjwa akizidiwa. Ilianguka ghafla, yaani ilizima yenyewe, kengele haikulia, mzee mmoja akafariki. Wanasema ni programu yangu.

Seva ikianguka huacha picha ya memori yake. Ndani yake kuna stack trace, yaani orodha ya kazi ambazo prosesa ilikuwa imeshika saa hiyo. Jina la programu yangu limo, lakini lina alama ya kuuliza mbele yake. Sisi tunaosoma hivi vitu tunajua hayo ni masalio tu: ilipita hapo mapema, ikamaliza, ikaenda. Bosi wangu Wabuge alipoandika ripoti alizitoa alama zote, eti zitachanganya wakubwa. Wakubwa wakaona jina langu, basi, kesi ikaisha.

Nimeisoma picha yote. Kuna anwani moja ya memori iliyobadilika tarakimu moja pekee. Programu haikosei hivyo, ni kipande cha memori kimeharibika. Lakini picha moja haitoshi, watasema nabahatisha.

Niombeeni.

Binti yako,
Ayoo


Ugunja
11 Machi 2025

Kwako Mama Ayoo, uliyebeba jina la mama yangu,

Magoti ni yale yale. Mamako anameza dawa siku akikumbuka. Tunasukuma tu.

Habari yako imenikata maini. Wabuge huyu si ndiye alikula hapa kwangu Desemba, akaomba samaki wa pili? Aibu hana!

Nusu ya uliyoandika sikuielewa, nisikudanganye. Lakini nimetafuta mahali umesema hicho kipande kibovu kimetolewa, sijapaona. Kimetolewa?

Babako,
Odera


Kapsoya
17 Machi 2025

Baba,

Natumaini mvua imewafikia na mnalala vizuri. Mimi usingizi ulinihama.

Kipande hakijatolewa. Nilimwomba Wabuge, akasema mkosaji ashapatikana, seva iachwe. Lynette, mwenzangu ambaye bado yuko kazini, amepata kipande kizima stoo na anataka kukibadilisha kimyakimya. Nimemwambia asubiri.

Usikasirike kwanza. Kikitolewa sasa, seva haitaanguka tena, na mimi nitabaki yule aliyeua mgonjwa. Nani ataniajiri? Lynette ameipanga seva ikianguka initumie picha moja kwa moja. Picha ya pili ikionyesha kosa lile lile mahali pale pale, hakuna wa kubisha. Nataka ianguke mara moja tu, Baba, tena mchana, manesi wakiwa wengi.

Ayoo wako


Ugunja
20 Machi 2025

Mama Ayoo,

Leo niwie radhi, sina salamu za afya. Mwambie huyo msichana abadilishe hicho kipande leo. Leo, Ayoo! Kuna watu wamelala kwenye hivyo vitanda. Jina lako tutalipigania vingine, hata kama ni kuuza ng'ombe tutafute wakili.

Babako


Kapsoya
9 Aprili 2025

Baba,

Sijui niwasalimu vipi.

Ilianguka Jumapili. Picha nimeipata. Anwani ile ile, tarakimu ile ile, na programu yangu haimo kabisa kwa sababu walishaitoa. Niko safi.

Kulikuwa na mama anaitwa Marion, muuza dagaa wa omena kule mtaa wa Langas. Alizidiwa, kengele haikulia. Ameacha watoto watatu.

Barua yako ilikuwa imefika. Niliisoma nikasema nitampigia Lynette kesho. Kesho ikawa kesho kutwa. Sasa Lynette ananililia nifute hiyo picha, maana nikiionyesha wataniuliza nilijua lini, na yeye alijua lini. Nimefungua kompyuta kuifuta, nimeshindwa. Nimeshindwa kuituma pia. Nifanye nini, Baba?

Ayoo


Ugunja
2 Juni 2025

Kwako Mama Ayoo,

Natumaini barua hii itakukuta. Mamako anakusalimu. Hajui kitu, nimemwambia umepata kazi nyingi.

Barua zangu za Aprili na Mei hukujibu, na simu yako haipatikani. Nakuandikia tena yale yale: tuma picha zote mbili, na useme kila kitu, hata lile la kusubiri. Watakufunga pengine. Nimetafuta neno la kukufariji, nimelikosa.

Lynette nilimpata kwa simu. Ameacha kazi, yuko kwao. Nikamuuliza alikiweka lini kile kipande kizima. Akasema aliogopa kuonekana, hakukigusa. Wabuge naye amebadilisha kufuli ya chumba cha seva. Kile kibovu bado kiko ndani, Ayoo, na anayeweza kuonyesha ni kibovu ni wewe peke yako.

Jana niliwapigia hospitali mwenyewe. Wakaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni babake Ayoo. Wakakata simu.

Tafadhali jibu.

Babako,
Odera