Vyumba Viwili Kabla ya Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Juni 1978
Nimetoka kazini, nimezunguka tena ploti za Makadara nikitafuta vyumba vya kupanga. Hakuna kitu. Kidonda cha mke wangu Rael cha operesheni ya uzazi hakijafunga, hawezi kuinua ndoo, na mtoto wetu Wafula analia usiku kucha. Mama yake anakuja kumsaidia, atafika tarehe 18. Sisi tuna chumba kimoja na pazia. Kwetu Bungoma mwanamume halali chumba kimoja na mama mkwe, pazia liwepo lisiwepo. Nataka vyumba viwili. Sijaomba ikulu.

Jumatano, 7 Juni
Majengo. Mwenye nyumba aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia, akasema chumba kimeshachukuliwa. Mlango ulikuwa wazi, ndani hamna hata kigoda. Nimerudi kichwa kinauma kwa hasira.

Jumamosi, 10 Juni
Mama mmoja ana vyumba viwili lakini hataki watoto. Nikamwuliza kama yeye alizaliwa mtu mzima. Akanifukuza.
Rael: "Baba Wafula, huo mdomo utatulaza nje."
Sijutii.

Jumatano, 14 Juni
Nimepata! Vyumba viwili, karibu na reli. Mzee mwenye nyumba ameniahidi, tumepeana mikono. Nihamie Jumamosi.

Jumamosi, 17 Juni
Nimefika na mkokoteni, kitanda juu. Mwanamke nisiyemjua alikuwa dirishani anatundika pazia. Mumewe alimpa mzee kilemba jana usiku, pesa za juu ya kodi. Mzee hakuona hata haya, eti nilichelewa. Nilichelewaje, na siku aliichagua yeye? Mkono alionipa na ukatike. Nimerudisha kitanda palepale, majirani wote wakitazama.

Jumapili, 18 Juni
Mama mkwe amefika na kuku na ndizi. Nimemsalimu kutoka mlangoni, macho chini. Kisha nikachukua blanketi. Mutua, dereva wa kazini kwetu, amenipa nafasi ya kulala jikoni kwake Mbotela.

Alhamisi, 22 Juni
Ninalipa kodi, ninakula barazani kwangu kama mgeni. Jirani ameuliza kama mke amenifukuza. Mama mkwe naye hatoki ndani mpaka niondoke, hata haja anajizuia. Mji mkubwa namna hii. Aibu ya wenye nyumba, si yetu.

Jumamosi, 24 Juni
Mama mkwe amemwambia Rael hawezi kumtoa mkwewe kitandani mwake. Wameondoka na basi la jioni kwenda kwao, yeye, Rael na mtoto. Mimi nilibeba mzigo. Mama mkwe alinishukuru huku ametazama kando. Ningeweza kulia.

Jumapili, 25 Juni
Sikwenda kanisani. Leso ya Rael iko kwenye msumari.
Mchana mtu amebisha, kofia mkononi. Amesikia mama watoto amehama. Je, ninaachia chumba? Mke wake atajifungua mwezi ujao.
Nikamwambia hapana. Hakuondoka. Alikuwa anachungulia ndani juu ya bega langu, anakisia kitanda chao kitakaa wapi.
Nikasogea kidogo, aone vizuri.