Barua Tatu, na ya Nyumbani Hakuna

Evere, Brussels,
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa mwanangu Laurean,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Kifua kimepoa? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto linalonikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Kahawa ya kutafuna uliyompa Mudathir aniletee imefika salama, nami naila kwa uchoyo.

Barua yako nayo ilifika. Nisikudanganye: ilikaa kwenye mkoba wangu siku kumi na mbili. Zamu zilinibana, nikadhani ni habari za migomba. Nimeifungua Alhamisi. Nisamehe kwa hilo.

Uliniomba habari za watu waliojichoma moto kwa ajili ya haki, basi Ijumaa nikaenda maktaba. Yule mtawa wa Saigon, mwaka 1963, wamemwandika sana. Mwanafunzi wa Praha, huko kwa Wacheki, 1969, naye hivyohivyo. Mchuuzi wa matunda wa Tunisia, 2010, serikali ilianguka baada yake. Hayo unayajua kuliko mimi. Nilichoona ni kwamba vitabu hivyo vina picha nyingi za umati, na kurasa za mama zao ni chache mno.

Nilipofika nyumbani nikaisoma tena sentensi yako ya mwisho. Uliandika kwamba tangu chuo kikusimamishe kwa kudai maji ya hosteli umewapelekea barua tano bila jibu, na labda hapo kwetu pia anahitajika mmoja. Mmoja wa nini, Laurean? Nilikupigia simu mara nne, haipatikani.

Jana nilikuwa zamu mtaa wa Laeken, kwa yule bibi wa Kicheki ninayemwogesha na kumpikia. Nilimpa kahawa yetu atafune, kama tunavyompa mgeni kabla ya mazungumzo, nikasahau kwamba meno yake ni ya bandia. Akaimung'unya tu, akaniuliza mbona macho yangu yamevimba. Nikamweleza.

Akaniambia kaka yake naye alijichoma, mwaka uleule wa 1969, miezi michache baada ya yule mwanafunzi. Jina lake halimo vitabuni. Jioni ya mwisho alikula supu ya mama yao, akaisifia, akaomba aongezewe. Aliacha barua tatu: ya gazeti, ya chama, ya mkuu wa kiwanda. Ya nyumbani hakuna. Majeshi ya kigeni aliyoyapinga yalikaa nchini miaka ishirini na ushee baada yake, na mama yao hakupika supu ile tena.

"Watu husema hakuna aliyemsikiliza," bibi aliniambia. "Mimi nilikuwa chumba cha pili."

Mpaka leo amemkasirikia kaka yake kwa kutomgongea mlango. Nikamchana nywele.

Siwadharau waliokufa hivyo. Mungu ndiye ajuaye uzito waliobeba. Lakini sitaki uwe miongoni mwao, na nakuuliza bila kuzunguka: unafikiria kujiua? Nijibu ndiyo au hapana. Ikiwa ni ndiyo, sitakugombeza.

Barua hii naipiga picha nimtumie dada yako Evaline, aje akusomee leo hii, na asiondoke hapo. Nimeongea na baba yako Modeste pia. Najua hamsemeshani tangu usimamishwe. Alilia kwenye simu, mtu ambaye hata kwenye msiba wa mama yetu hakulia. Kesho asubuhi atakupeleka kwa daktari. Nenda naye, usimbishie. Kuhusu chuo, nitakutafutia wakili. Hasira yako ni ya haki, na naitaka iwe na mtu wa kuisema.

Nisalimie Evaline na wanawe, na baba yako, nawe umsalimie kwa mdomo wako mwenyewe. Mungu akulinde unapolala na unapoamka. Saa mbili usiku, saa za kwenu, nitapiga kwenye simu ya Evaline. Upokee wewe.

Bibi ana neno lake kwako. Anasema kaka yake aliandika barua tatu, wewe umeandika sita, na ya sita umeileta nyumbani, kwangu. Imefika, mwanangu. Hili ndilo jibu lake.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye,
Georgina