Maua ya Pareto Yaliyokaushwa Juu ya Bati

Kyoto, Japani

Kwako Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na yule ng'ombe aliyekuwa anachechemea. Mimi sijambo. Baridi ya hapa ni kali, lakini kazi ya gazeti inaendelea na chakula nimekizoea, isipokuwa samaki mbichi.

Barua yako ilifika. Unasema pareto yetu imepimwa tena ikaonekana haina nguvu, kwamba Mjomba anabadilisha maua yetu anapoyapeleka kwa trekta kwenye chama cha wakulima, na kwamba utamshtaki kwenye baraza la chifu, mbele ya mwenyekiti wa chama. Tafadhali soma hii kwanza.

Juzi nilitumwa kumhoji profesa wa kemia aliyepewa tuzo kubwa. Ni mzee mfupi, mtoto wa fundi viatu, na medali yake iko kwenye droo ya vijiko. Maisha yake yote amechunguza dawa zilizomo ndani ya mimea: anaitoa dawa, anaisafisha, anatafuta imeundwa vipi, halafu anajaribu kuitengeneza mwenyewe. Aliyohangaika nayo zaidi ni ile ya pareto inayoua wadudu.

Nilipomwambia sisi tunailima pareto kwetu Kiplombe, alisahau mahojiano akaanza kunihoji yeye. Kesho yake nikampelekea yale maua Mama aliyonifungia kwenye kitambaa ili nondo wasile sweta. Akayapima nikiwa nimekaa pale pale.

"Nani alikausha haya?"

"Mama."

"Siku ngapi?"

"Wiki nzima, juu ya bati. Baba anataka yakauke mpaka yavunjike, karani wa chama asije akasema yana maji."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mwambie mzee wako jua limekula dawa yote. Anauza majani makavu!"

Kumbe mwanga wa jua huivunja dawa hiyo. Maua yanatakiwa yakauke upesi, penye kivuli na hewa, kisha yapelekwe bila kukawia.

Baba, maua hayo hayakupita kwa Mjomba. Yalitoka kwenye bati letu yakaingia kwenye sanduku langu. Nilimuuliza profesa mara mbili kama kukaa sandukuni ndiko kulikoyaharibu. Alisema kukaa hupunguza nguvu, lakini si kiasi hicho.

Mimi pia nimekosa. Katika barua iliyopita nilikubaliana nawe juu ya Mjomba bila kumuuliza mtu yeyote. Kazini ningefukuzwa kwa hilo.

Basi usiende barazani. Kausheni gunia moja kivulini, ndani ya ghala la mahindi, mlishone, umpe Mjomba alipeleke likapimwe. Yeye, si mtu mwingine.

Nisalimie Mama, na umwambie kosa si lake, alifanya alivyoambiwa. Msalimie dada yangu mwalimu kule Kimumu, na shangazi anayeshona nguo mtaani Huruma. Mjomba sijamtumia salamu humu. Utampelekea wewe, kwa miguu yako, mpaka mlangoni kwake.

Ni mimi binti yako,
Jelagat